Kitabu gani kinamlinda mhusika wangu asichezewe na masta? Nanunua wiki hii

Kipanga_Mwekundu:
Wakuu, habari za jioni. Kuna jamaa anarudi Dar kutoka Marekani Jumamosi ijayo, amekubali kuniwekea kitabu kimoja tu kwenye begi. Kundi letu tunacheza gemu za mezani za kuigiza, zile za masta anasimulia na kila mtu ana mhusika wake. Nimebakiwa na tatu: Dungeons & Dragons, Call of Cthulhu au Fate. Shida yetu ni masta kuwaamulia watu wahusika wao wafanye nini. Kikao kilichopita nusura tushikane mashati. Ipi bora? Naomba kuwasilisha.

mpigadadu:
Mkuu, umeuliza nauli bila kusema unakwenda Kigoma au Kariakoo. Mko wangapi? Ana kwa ana au mtandaoni? Masta ni wewe au mwingine? Na hayo mashati yalitaka kushikwa kwa sababu gani?

BintiMakadara:
D&D, funga macho ununue. Masta anamiliki mvua, wafalme na mazimwi, wewe unamiliki mtu mmoja. Akimtaka huyo mmoja lazima apitie uchawi, na uchawi una masharti yake. Ule wa kumtawala binadamu ni wa daraja la 5, kwa kawaida unadumu dakika moja tu, na kila ukiumia unarusha dadu upya ujikomboe. Sisi hapa Mombasa mwenzetu alipotawaliwa tulimzaba kofi la makusudi ili arushe tena. Akajikomboa, akatudai radhi.

nahodha_mstaafu:
Dada, hayo masharti yapo kwenye karatasi. Nisikilizeni mimi niliyeumwa na nyoka.

Mwaka juzi nilikuwa na kundi Tanga, tunacheza hiyohiyo D&D. Mhusika wangu aliitwa Makame, nahodha wa jahazi, mzee mwenye kigugumizi. Juu kabisa ya karatasi yake nilikuwa nimeandika kwa wino: HAUZI RAFIKI. Miezi mitano, kila Alhamisi, kazi yangu ilikuwa kukataa fedha za maharamia. Tukapata msiba Pangani, nikakosa kikao kimoja. Kimoja! Narudi, wenzangu hawanitazami usoni. Masta ananisukumia karatasi yangu. HAUZI RAFIKI imekatwa kwa kalamu nyekundu, mstari umenyooka kwa rula. Namuuliza vipi, ananijibu: "Makame asingekaa sitahani kama gunia la chumvi, hadithi ilihitaji msaliti." Kumbe Makame kamuuza mtoto wa liwali, kapokea vipande 300 vya dhahabu, na vipande vyenyewe masta kaviandika kwenye mali zangu kwa mwandiko wake.

Usaliti ningeuvumilia. Angenipigia simu akaniuliza, pengine ningemuuza yule mtoto mwenyewe, na kwa kile kigugumizi kingekuwa kikao cha kukumbukwa. Mpaka leo kinachonikereketa ni ile rula. Mtu aliinuka akaenda kutafuta rula.

Usiku_wa_Manane:
Pole kaka. Wewe basi Call of Cthulhu usiiguse, maana huko kunyang'anywa mhusika ndiyo raha yenyewe, tangu 1981. Una alama za akili timamu. Ukiona jambo la kutisha ukapoteza alama 5 au zaidi kwa mkupuo, unarusha dadu dhidi ya uwezo wako wa kufikiri. Sasa sikia utamu: ukishindwa umesalimika, kwa sababu hukuelewa ulichokiona. Ukifaulu umeelewa, na wazimu unakupanda. Hapo masta anaweza kumchukua mhusika wako kwa raundi kadhaa, ngapi inaamua dadu ya pande 10. Profesa wangu alizinduka yuko juu ya paa la kanisa, hana viatu. Hakuna aliyenuna, wote tuliingia tukijua.

mpigadadu:
Mwanzisha uzi kapotea, basi nitajibu hivyohivyo. Chukua Fate. Sifa za mhusika zinaandikwa kwa maneno, mathalani "Hauzi rafiki" (samahani nahodha). Masta akitaka sifa hiyo ikutie matatani anakusogezea kijiwe kimoja mezani: pokea, ukubali balaa. Hutaki? Unamlipa yeye kijiwe. Kwa kawaida unaanza na vitatu, sisi tunatumia kete za bao. Ukiishiwa, huna cha kukatalia.

nahodha_mstaafu:
Kwa hiyo anaruhusiwa kuja na rula mradi analipa?

mpigadadu:
Anakuja kuomba. Rula unaishika wewe. Na kanuni zote za Fate zipo bure mtandaoni. Za D&D pia, ile sehemu ya msingi iliachiwa kwa leseni huria Januari 2023. Begi la jamaa wa watu liachwe lipumue.

Masta_Mchovu:
Kila siku masta, masta. Sisi nani atatulilia? Naandaa kikao siku tatu, nachora ramani, napanga sauti za watu kumi na mbili. Nina kijana mmoja, mhusika wake mwizi. Wenzake wakilala anawapekua. Ukimuuliza: "Ndivyo mhusika wangu alivyo." Kwani huyo mhusika kazaliwa na nani? Si wewe uliyemwandika? Mwandike mwizi anayewaibia maadui! Mamlaka mnayoyadai mnayo, mnayatumia kuharibu usiku wa watu wanne.

BintiMakadara:
Hapo umenigusa. Mchezaji akirusha dadu ya kumshawishi mchezaji mwenzake, inashika?

Masta_Mchovu:
Haishiki. Kwangu anayeshawishiwa ndiye anayeamua kama ameshawishika.

Usiku_wa_Manane:
Kwangu inashika. Mbona upanga unashika? Mwenye misuli hapingwi, mwenye ulimi aombe ruhusa?

nahodha_mstaafu:
Upanga unanikata mkono. Ulimi unaniambia napenda nini.

Usiku_wa_Manane:
Basi gemu ya Pendragon, ya 1985, ingekutoa roho. Huko tabia zimepangwa mbilimbili, huruma upande huu na ukatili upande wa pili, jumla 20. Tabia ikifika 16, jambo zito likitokea masta anaweza kukutaka uirushie dadu, na shujaa wako anakwenda inakompeleka. Ila kuifikisha huko ni matendo yako mwenyewe kidogokidogo. Naipenda kuliko zote mlizotaja.

Ustadh_wa_Muscat:
Samahani kwa kuingilia. Hivi "masta" ndilo neno mliloliona? Lugha ina manju.

mpigadadu:
Manju ni wa ngoma, ustadh.

Ustadh_wa_Muscat:
Ndiyo maana. Manju anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia na kucheza. Sijaona manju aliyemshika mtu miguu akamchezea.

Masta_Mchovu:
Manju nalichukua. Kuanzia leo niiteni Manju_Mchovu.

Kipanga_Mwekundu:
Nimerudi, umeme ulikatika. Tuko watano pamoja na masta, ana kwa ana, D&D ya kuazima. Masta ni shemeji, mke wa kaka mkubwa. Tunachezea sebuleni kwake na pilau ni lake. Ugomvi ulikuwa hivi: mdogo wangu alisema mhusika wake anasimama mlangoni kulizuia zimwi. Shemeji akasema, "Hapana. Unatetemeka, unakimbia, unaitupa ngao." Dadu hata haikurushwa. Dogo akafunga begi akaenda kukaa nje na mlinzi.

mpigadadu:
Haya yote ulikuwa umeyaficha wapi??? Zimwi la D&D likiwa na uwezo wa kutisha watu lina kanuni yake, unarusha dadu kwanza ndipo uogope. Kitabu mnachotumia kimeshajibu. Nani atakwenda kuongea na shemeji?

Kipanga_Mwekundu:
Ndiyo maana nataka kitabu kingine. Nikimpa kama zawadi ataisoma mwenyewe hiyo sehemu, mimi nisitie neno.

BintiMakadara:
Umpelekee shemeji zawadi yenye ukurasa uliokunjwa? Utakula wapi tena pilau?

Masta_Mchovu:
Muulizeni kwanza kama ana raha. Huenda kachoka tu, anaharakisha zimwi lipite watu wale.

Kipanga_Mwekundu:
Hilo sikuliwaza. Ila jamaa kapiga simu sasa hivi, begi limejaa, cha jalada gumu nisahau.

mpigadadu:
Fate Core, kile kitabu kikuu cha Fate, kina jalada gumu. Chukua Fate Accelerated, kijitabu chembamba, kinaingia hata mfukoni mwa koti.

Usiku_wa_Manane:
Call of Cthulhu wana boksi la kuanzia, ndani kuna kisa cha kucheza peke yako. Humhitaji masta wala shemeji.

Kipanga_Mwekundu:
Kitabu kimegoma kuingia, boksi ndilo litaingia?