Dawa za saratani: panya wa maabara bado ana kazi?

Mleta mada: Wakuu, tujadili hili. Desemba 2022 Marekani ilifuta sharti la kupima kila dawa mpya kwa wanyama kabla ya binadamu. Aprili 2025 mamlaka yao ya dawa, FDA, ikatangaza mpango wa kupunguza majaribio hayo hatua kwa hatua, ikianzia kwenye dawa za kingamwili (protini za kinga zinazotengenezwa maabara), kundi lenye dawa nyingi za saratani. Mimi nasema wamechelewa. Leo kipande cha uvimbe wa mgonjwa kinakuzwa maabara hadi kuwa organoidi, yaani kifundo kidogo cha seli kinachofanana na uvimbe wenyewe, kisha kinajaribiwa dawa. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti wa wagonjwa wenye saratani za mfumo wa chakula zilizokwisha sambaa: dawa zilizoshindwa kwenye organoidi zilishindwa kwa wagonjwa pia, bila kukosea hata moja. Zilizofaulu zililingana kwa asilimia 88. Panya gani ana rekodi hiyo?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, polepole. Pembrolizumab, dawa ya saratani, haiui yenyewe seli ya saratani. Inaondoa breki kwenye seli T, askari wa kinga ya mwili, na hizo ndizo zinazoua. Organoidi ya kawaida haina seli T, haina mishipa ya damu, haina ini. Doksorubisini, dawa nyingine ya saratani, inaweza kudhuru moyo. Organoidi ya utumbo itakuambia nini kuhusu moyo? Na hiyo jeli ambamo organoidi nyingi hukuzwa, inatolewa kwenye uvimbe wa panya! Mmemfukuza mlangoni, kaingilia dirishani.

Mleta mada: Jeli za kutengeneza zipo. Kuhusu usalama, someni habari za TGN1412, dawa iliyolenga aina ya leukemia na baridi yabisi. Nyani waliivumilia vizuri. Machi 2006, London, watu sita wakapewa dozi ndogo mara 500 kuliko ya nyani, na ndani ya saa 16 wote walikuwa mahututi. Baadaye ikajulikana kwamba baadhi ya seli T za nyani hao hazina kipokezi ambacho dawa ilikilenga. Seli za binadamu zinacho.

Mchangiaji wa pili: Mnachanganya maswali mawili. Moja, dawa inaua uvimbe? Hapo panya ametudanganya sana, mimi ningemwondoa kesho. Pili, dawa itaharibu nini kwingine mwilini? Hilo linahitaji mwili mzima, na chipu, yaani vifaa vidogo vya maabara vyenye seli za ini au mapafu, nyingi bado zinaangalia kiungo kimoja au viwili kwa wakati.

Ila mleta mada, hiyo 88 usiitembeze kifua mbele. Si kila sampuli hukubali kukua, na inayokua huchukua wiki kadhaa. Mgonjwa ambaye uvimbe wake uligoma kukua hayumo kwenye hesabu yako. Huyo utampimia wapi?