Pikipiki ya kwanza ya kupandia milimani: XL 125, XTZ 125 au XR 150?

Mzururaji_Moro:
Wakuu habari za mchana. Nataka kununua pikipiki yangu ya kwanza, zile ndefu za lami na vumbi, sio ya biashara, ni ya kuzurura tu wikiendi mdogomdogo huko vijijini, nipande mlima, nipige picha, jioni nirudi. Nimeshaziona tatu: Honda XL 125 used, Yamaha XTZ 125 used, na Honda XR 150 L mpya kwenye nailoni. Mwisho wa mwezi nachukua moja. Ipi ipi?

KikiMoja:
Mkuu umeuliza kama mtu anayeingia duka la dawa anasema "nipe dawa". Bajeti? Urefu wako? Vijijini wapi, maana vumbi la Kilosa na utelezi wa Mgeta ni dunia mbili. Na je, kuendesha unajua?

Boxer_Damu:
Nunua Boxer 150 tulia. Spea mpaka kwa Mangi zipo. Wale madogo wa Mgeta wanashusha viroba vya kabichi na Boxer, masika wanafunga mnyororo tairi la nyuma wanapita kwenye tope hilohilo ambalo hizo ndefu zenu zinalala chali.

Mzururaji_Moro:
Njia yangu ni Sangasanga, Mlali, napanda Mgeta mpaka Langali. Bajeti tusiiongelee, zote tatu naziweza. Kuendesha najua kidogo.

Fundi_Nut17:
"Kidogo" hiyo ndo itakuvunja mguu. Kaka hujajibu urefu. XTZ siti yake iko kama sm 84 toka chini, XR iko chini kidogo tu ya hapo. Kama miguu mifupi ukisimama kwenye kona ya mlima, mguu ukakosa ardhi upande wa bondeni, unaenda nayo. Halafu nimjibu Boxer_Damu, tairi la mbele la XTZ ni rimu 21 nyuma 18, XR mbele 19 nyuma 17, Boxer ni 17 kote. Rimu kubwa inapanda juu ya jiwe, ndogo inalitafuta shimo. Wale madogo wanapita kwa sababu kila siku wako kule, sio kwa sababu ya Boxer.

Boxer_Damu:
Wewe fundi unapenda hizo ndefu kwa sababu zinakuja gereji kwako 😂

BwanaMkubwa_DT:
Mi naona mnazunguka, mwacheni atafute Yamaha DT 125, tustroki, ile injini inayochoma oili pamoja na petroli. Ile sauti, ule mvuto, mlima unausikia unapungua. Hizo forstroki zenu za 125 ukifika Mgeta unaweka gia namba moja unaanza kuimba tenzi.

Nilinokiwa:
Hapo kwenye DT ngoja niseme maana mimi liliniuma. Nilinunua moja kwa mtu, safi, rangi ya kwake, kiki moja inawaka. DT ina kitanki chake cha oili pembeni, pampu inavuta oili yenyewe kulingana na unavyovuta mafuta, wewe kazi yako ni kukijaza tu. Nikakijaza oili nzuri kabisa, nikapiga fultanki sheli, huyo safari. Nimefika karibu nusu ya mlima nasikia imekuwa nzito kama mtu ameshika kamba nyuma, nikafikiri ni mlima, nikaongeza mafuta, ikalia kriii tairi la nyuma likajifunga. Nikadondoka upande wa ukuta, Mungu mkubwa, ingekuwa upande wa pili nisingeandika hapa. Kuja kufungua, kumbe fundi wa yule aliyeniuzia alishaizima pampu siku nyingi, yeye alikuwa anachanganya oili kwenye petroli kwa kipimo cha soda, hakuniambia. Kitanki kilikuwa kimejaa vilevile, hata tone halijashuka. Pistoni imenoki, yaani imekwama kwa kukosa oili, nikachonga blok, nikaweka pistoni mpya, na kuishusha mpaka Mlali nililipia nafasi kwenye Fuso la nyanya, nimekaa juu ya matenga. Jamaa nikimpigia hapokei mpaka leo.

BwanaMkubwa_DT:
Pole sana kaka, ila hiyo sio kosa la DT.

Nilinokiwa:
Sijasema ni kosa la DT. Nasema anayenunua used ya kwanza maishani hawezi kuyajua hayo.

Afisa_Ugani_K:
Mimi nimezunguka kata mbili na Yamaha AG 100 miaka sita, nayo ni tustroki, haijawahi kuninokia kwa sababu pampu haijaguswa na fundi yeyote. Mnaisahau sababu haina sura. Keria mbele na nyuma, cheni imefunikwa yote tope haliingii, stendi ipo kushoto na kulia, ukiegesha kwenye mteremko unachagua upande. Wanawake tunaijua, ni fupi.

Fundi_Nut17:
Dada AG nakubali, ila kwenye kushuka? Tustroki ukiachia mafuta injini haikamati, unabaki na breki peke yake, na kushuka Mgeta ni breki mpaka zinanuka. XL au XTZ unaweka namba mbili inajishikilia yenyewe.

Afisa_Ugani_K:
Ndio maana nashuka taratibu kaka, sina anayenikimbiza.

TulizaBoli:
Hizo used angalia kadi kabla ya injini. Kama ilikuwa ya mradi wa wafadhili, zile namba za DFP, uliza kama kodi ililipwa, ziliingia na msamaha, usije ukanunua pikipiki ukauziwa na deni.

Mzururaji_Moro:
Asanteni wakuu nimejifunza. Urefu wangu ni futi 5 na inchi 3. XL ni ya mtu, kadi nitaicheki. Halafu kitu nilisahau, nyuma atakaa mama watoto, na wakati wa kurudi tutakuwa tunabeba nyanya, tenga moja au mawili.

KikiMoja:
😂😂😂 Si ulisema kupiga picha?

Boxer_Damu:
Boxer. Nilisema.

Fundi_Nut17:
Mke, matenga mawili na futi tano na tatu juu ya XTZ? Kaka leta kwanza hiyo "kidogo" yako ukaijaribu uwanjani.

BwanaMkubwa_DT:
AG ina keria mbili, mke mbele nyanya nyuma.

Afisa_Ugani_K:
Mkome.

TulizaBoli:
Samahani nje ya mada, tenga la nyanya Mgeta kwa sasa linachukuliwa shingapi?