Kusaka akaunti zilizolala kwenye seva ya Linux: lastlog, last au find?

MtuWaNgamiani: Wakuu, ofisini kwetu hapa Tanga wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanapishana. Waja leo waondoka leo, ila akaunti zao zinabaki kwenye seva. Nataka skripti initolee wasioingia kwa siku 90. Ipi inaaminika: lastlog (inaonyesha kila mtu aliingia mara ya mwisho lini), last (historia ya kuingia), au find (inatafuta mafaili) ndani ya /home, kwenye folda za watumiaji?

Fundi_Chumbageni: lastlog, mkuu. Andika `lastlog -u 1000-60000 -b 90`. Hapo -u ni namba za watumiaji, na kuanzia 1000 kunaruka akaunti za mfumo; -b 90 ni waliopitisha siku 90. last inasoma /var/log/wtmp, na seva nyingi hulizungusha faili hilo kila mwezi (la zamani linawekwa pembeni, jipya linaanza), kwa hiyo siku 90 huenda usizione kabisa.

dada_Raskazone: Naunga mkono, ila msiiamini lastlog peke yake. Inaandika kuingia tu. Akaunti inayoendesha kazi za cron (zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba) usiku itasomeka "Never logged in" wakati ndiyo inayowatengenezea bakapu! Pitia /var/spool/cron kwanza. Halafu kuna mtu aliyefunguliwa akaunti juzi: naye hajaingia, naye ataorodheshwa. Sehemu ya tatu ya kila mstari wa /etc/shadow, faili la manenosiri, inaonyesha nenosiri lilibadilishwa lini, kwa siku tangu 1/1/1970. Skripti yangu inamruka yeyote ambaye tarehe hiyo haijafikisha siku 90.

Fundi_Chumbageni: Hilo la shadow sikuwa nalifanya. Asante dada.

mzee_wa_Pangani: find iwe shahidi wa pili. Tumia -mtime (faili lilibadilishwa lini), achana na -atime (lilisomwa lini): mifumo mingi inaunganisha diski (mount) kwa chaguo la relatime, na muda wa kusomwa hauandikwi kila mara.

MtuWaNgamiani: Nikishawapata, niwafute pamoja na folda zao kwa `userdel -r`?

dada_Raskazone: Hapana, kaka! Mafaili yao yaliyo nje ya /home yatabaki na UID (namba ya mtumiaji) ile ile, na mgeni atakayepewa namba hiyo kesho atayarithi. Wala kufunga kwa `usermod -L` hakutoshi, kwani inaziba nenosiri tu. Mwenye ufunguo wa SSH (njia ya kuingia kwa mbali bila nenosiri) anaweza kuendelea kuingia. Ongeza `usermod -e 1`, akaunti ihesabike imekwisha muda. Mtu akirudi, unaifungua.

mzee_wa_Pangani: Na uangalie toleo la Linux yako. Debian 13 imeiondoa lastlog ya zamani kwa sababu ya tatizo la mwaka 2038, pale hesabu ya muda ya biti 32 itakapofika ukomo. Unaweka lastlog2 pamoja na libpam-lastlog2, inayoandika kila mtu anapoingia. Yenyewe inaanza kuandika pale ulipoiweka, basi iweke mapema kabla hujaanza kuhesabu hizo siku 90.