Klachi haikati injini ikipata moto, ikiwa baridi iko safi

Mvumilivu: Wakuu habari zenu. Nina pikipiki ya cc 150, klachi ya waya. Injini ikiwa baridi gia zinaingia zenyewe. Nikishakaa foleni kidogo, moto ukapanda, nashika klachi mpaka mwisho lakini pikipiki inanivuta mbele, lazima niishikilie kwa breki. Nyutro ndiyo haipatikani kabisa mpaka nizime. Mkono wa klachi nao naona unalegea. Fundi alishafungua akabadili pleti za msuguano, hali ikabaki ile ile. Sasa anataka tununue klachi nzima. Kabla sijatoa hela, nianzie wapi?

Spana Kumi: Mwaga oili, weka nyingine. Wengi wanatia ya gari humo.

Mzee wa Gereji: Usimpoteze mwenzako. Oili ya gari yenye dawa ya kupunguza msuguano hufanya klachi iteleze: unapiga resi, injini inalia, mwendo hauongezeki. Ndiyo maana oili za pikipiki zenye klachi inayokaa ndani ya oili huandikwa JASO MA au MA2, alama za kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Ya huyu ni kinyume, klachi haiachii. Oili nzito nayo humsumbua mtu injini ikiwa baridi, maana ikipata moto inakuwa nyepesi. Ugonjwa unaokuja na joto mimi natafuta chuma kwanza.

Mvumilivu, pima ulegevu wa mkono wa klachi kwenye ncha yake, baridi, halafu pima tena pale pale inapoanza kugoma. Pikipiki nyingi ndogo zinataka milimita 10 hadi 20. Ukikuta umeongezeka sana, basi unavuta ulegevu tu, pleti hazipati nafasi ya kuachana. Kagua na waya wenyewe: nyuzi zikianza kukatika pale kwenye kichwa chake, au ganda limelainika kwa kupita karibu na ekzosi, utakaza nati mpaka uchoke.

Gia ya Tano: Angalia na mzunguko wa injini bila resi. Ukipanda kwenye moto, nyutro inakuwa ngumu hata klachi ikiwa nzima.

Mvumilivu: Nimepima. Baridi 15, moto 18 hivi. Waya ni mzima, mzunguko haupandi. Kuhusu pleti za chuma, zile zinazopangwa katikati ya za msuguano, fundi alirudisha zile zile za zamani.

Mzee wa Gereji: Basi hapo ndipo pa kuangalia. Waya unaonewa bure. Ukiwa foleni na klachi nusu nusu, zinazoungua ni zote, za msuguano na za chuma. Ya chuma ikishapinda kidogo, baridi inaweza isikusumbue. Ikitanuka kwa joto inamgusa jirani yake hata ukivuta mkono wote. Kwa hiyo kubadili za msuguano peke yake ni kazi nusu. Toa za chuma, laza moja moja juu ya kioo, pitisha fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, chini yake. Kikomo kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako, kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya milimita. Iliyogeuka bluu kwa kuungua usibishane nayo, itupe.

Ukiwa humo, pitisha ukucha kwenye mipasuo ya kikombe cha nje, kile kinachobeba pleti. Masikio ya pleti huchimba vishimo pale, kisha pleti zinanasa badala ya kuteleza. Vishimo vidogo unavisawazisha kwa tupa. Vikiwa virefu, hapo fundi ana haki ya kudai kikombe.

Mvumilivu: Tumefungua mchana huu. Mbili zimekuwa bluu, na moja ukiibonyeza upande kwenye kioo inacheza kama kigoda kibovu. Kikombe kina alama hafifu tu. Naagiza seti ya chuma. Zile za msuguano nizirudishe?

Mzee wa Gereji: Kama hazinuki kuungua na unene wake uko ndani ya kipimo, rudisha. Za chuma zipake oili kabla ya kuzipanga, usizifunge kavu. Bolti za springi kaza kwa msalaba, kidogo kidogo. Zinaingia kwenye nguzo za alumini na ukikaza kwa hasira nguzo inakatika, hapo ndipo utanunua klachi nzima kweli. Gaskiti ya kava weka mpya. Ukimaliza, rekebisha ulegevu wa waya upya, kwa sababu unene wa pleti zote kwa pamoja hautakuwa ule wa mwanzo.