Barua za ndugu wa Latrobe na sanduku la babu yangu: nisomeje mazungumzo ya upande mmoja?

Mjukuu wa Karani, Tororo

Ndugu wasomaji, salaam. Naomba msaada wenu kwa jambo ambalo limenishughulisha tangu likizo iliyopita. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Tororo. Nilikuwa nikisoma habari za familia ya Latrobe ya Marekani, iliyoacha barua nyingi sana, hasa ndugu wawili: John, aliyezaliwa mwaka 1803, na mdogo wake Benjamin, aliyezaliwa mwaka 1806. John alianza masomo katika chuo cha kijeshi cha West Point, mahali walipofunzwa wahandisi wengi wa wakati ule, lakini baba yao alipofariki kwa homa ya manjano mjini New Orleans mwaka 1820, aliacha chuo kabla ya kuhitimu na kugeukia sheria. Benjamin naye alianzia kwenye sheria, kisha akaingia katika ujenzi wa reli ya Baltimore and Ohio na kuwa mmoja wa wahandisi mashuhuri wa reli za mwanzo za nchi hiyo. Kwa hiyo kila mmoja aliishia katika kazi ambayo mwenzake ndiye aliyeandaliwa kuifanya, na wote wawili wakaitumikia kampuni moja, mmoja akiwa wakili wake na mwingine akiwa mhandisi wake.

Habari hiyo ilinirudisha kwenye sanduku la bati lililoko chumbani kwa mama yangu. Babu alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Tororo, enzi za Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Kaka yake alifanya kazi Nairobi, na mdogo wao alihamia Kasese baada ya reli kufika huko mwaka 1956. Sandukuni mna barua 43. Mambo ya nyumbani yameandikwa kwa Dhopadhola na mambo ya kazi kwa Kiswahili, mara nyingine katika aya hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba zote ziliandikwa na nduguze kumwendea yeye, na hakuna hata moja yenye mwandiko wake mwenyewe. Je, inawezekana kuandika maisha ya mtu kwa barua ambazo si zake? Na familia kama hiyo ya Latrobe iliwezaje kuacha barua nyingi kiasi kile?

Mhifadhi Nyaraka, Entebbe

Mwalimu, hali uliyoieleza ndiyo ya kawaida. Sanduku la mtu hutunza sauti za wengine, kwa sababu barua aliyoiandika yeye iliondoka siku ile ile alipoituma. Ukitaka kumsikia babu yako, tafuta masanduku ya wale wawili.

Familia ya Latrobe ni tofauti kwa sababu moja ya ajabu. Baba yao, msanifu majengo Benjamin Henry Latrobe aliyesimamia ujenzi wa jengo la Bunge la Marekani, alikuwa na kifaa chenye kalamu mbili zilizounganishwa: alipoandika kwa kalamu moja, ya pili iliandika nakala kwenye karatasi nyingine wakati huo huo. Hivyo nakala za barua alizozituma kwa miaka mingi zilibaki mkononi mwake, na karatasi za familia hiyo zimehifadhiwa mjini Baltimore. Kwa baba yule tunaweza kusoma alichosema yeye. Kwa babu yako tunasoma alichojibiwa. Usidharau majibu, lakini. Kaka akiandika, "Usimwambie mama habari ya mguu wako," umekwisha kujua kwamba barua ya babu iliyotangulia ilitaja kuumia mguu, hata kama karatasi yenyewe imeoza zamani.

Jambo la pili ni mapengo. Watu huandikiana wanapokuwa mbali. John na Benjamin wote walikuwa na makao Baltimore, na wanapokuwa mji mmoja ndugu huzungumza mezani. Mhandisi huandika akiwa milimani anapopima njia. Mtafiti asiyekumbuka jambo hilo anaweza kudhani kwamba mwaka usio na barua ni mwaka wa ugomvi, kumbe ndio mwaka waliokuwa karibu kuliko yote. Panga barua zako kwa tarehe, kisha andika pembeni kila mmoja alikuwa wapi wakati huo.

Jambo la tatu ni gharama ya posta, ambayo huunda hata namna ya kuandika. Huko Marekani kabla ya mwaka 1845 ada ilihesabiwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na mara nyingi aliyepokea ndiye aliyelipa. Karatasi moja iliyosafiri kati ya maili 150 na 400 ilitozwa senti 18 na robo tatu. Karatasi mbili zilitozwa mara mbili. Ndiyo maana barua za wakati ule husongamana hadi pambizoni, na bahasha ilikuwa anasa kwa kuwa nayo ilihesabiwa kuwa karatasi. Mwaka 1845 ada ilianza kufuata uzito, na barua nyepesi ikagharimu senti 5 kwa safari isiyozidi maili 300. Anayesoma barua fupi ya kabla ya hapo asiseme haraka kwamba mwandishi alikuwa mtu wa maneno machache.

Dereva Mstaafu, Nsambya

Mwalimu, mimi sikusomea historia, ila nimeendesha treni, na nilipitisha mabehewa Timboroa, huko Kenya, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwa hiyo niruhusu nimzungumzie Benjamin kwa upande wa kazi.

Daraja lake la Thomas Viaduct, lililokamilika mwaka 1835 juu ya mto Patapsco, lina matao 8 ya mawe na urefu wa takriban mita 187, na limejengwa kwenye kona. Kujenga daraja la mawe lililonyooka ni kazi. Kulipinda ni kazi nyingine kabisa, kwa sababu nguzo zikiwa na unene ule ule pande zote mbili, matao hayatakaa sawa. Yeye alizifanya nguzo kuwa nyembamba upande wa ndani wa kona na nene upande wa nje, mfano wa kabari. Waliomcheka waliliita upumbavu wa Latrobe. Treni bado zinapita, tena nzito mara nyingi kuliko zile alizozijua yeye.

Baadaye alikuwa mhandisi mkuu wakati reli ilipovuka milima ya Allegheny na kufika Wheeling, kando ya mto Ohio, mwishoni mwa mwaka 1852. Mpando mkali zaidi alioukubali ulikuwa futi 116 kwa kila maili, yaani kama mita 22 kwa kilomita. Sheria ya mwaka 1862 ya kujenga reli ya kwenda Pasifiki iliagiza kwamba mipando na kona zisizidi zile za Baltimore and Ohio. Uamuzi wa mtu mmoja milimani ukawa kipimo cha bara zima.

Sasa rudi kwenye barua. Ripoti ya kampuni itakupa hizo futi 116 bila kukuambia mhandisi alilala au hakulala usiku kabla ya injini ya kwanza kupanda. Lakini usisahau kwamba ndugu aliyemwandikia alikuwa pia wakili wa kampuni. Hata mimi nilipomwandikia shemeji yangu aliyekuwa karani wa mishahara, sikujua wakati mwingine kama namwandikia shemeji au karani.

Na kama baadhi ya barua zako hazina stempu, usihangaike. Sisi tulizikabidhi kwa gadi wa treni, naye akaziacha stesheni. Ziliruka posta kabisa.

Mwanafunzi wa Historia, Makerere

Nakubaliana na waliotangulia, ila ningependa kuongeza tahadhari kuhusu kumbukumbu za uzeeni, kwa sababu naona Mwalimu atalazimika kuziba mapengo kwa masimulizi ya wazee. Kisa maarufu cha mwaka 1830, cha injini ndogo ya Peter Cooper iliyoshindana na farasi na kushindwa baada ya mkanda wa feni ya kupulizia moto wake kuteleza, tunakijua hasa kwa simulizi ya huyo huyo John Latrobe, katika mhadhara alioutoa mwaka 1868, miaka 38 baadaye. Sisemi alidanganya. Nasema kwamba mtu anayesimulia baada ya miaka 38 tayari anajua reli ilishinda, na ujuzi huo hupanga upya kila kitu anachokumbuka. Barua iliyoandikwa jioni ile ile isingejua.

Suala la majina nalo ni gumu. Katika familia ya Latrobe, baba na mwana wote waliitwa Benjamin Henry, kwa hiyo watu huwachanganya. Kwako, Mwalimu, naona shida itakuwa kinyume chake: huku kwetu ndugu wa tumbo moja hawana jina moja la ukoo. Mmoja ni Okoth kwa kuwa alizaliwa wakati wa mvua, mwingine ni Othieno kwa kuwa alizaliwa usiku, na anayetia sahihi "ndugu yako" anaweza kuwa mtoto wa baba mdogo.

Mjukuu wa Karani, Tororo

Nawashukuru sana nyote. Nimekaa na mama jana, tukapanga barua zote 43 sakafuni kwa tarehe, na pengo limejitokeza wazi: kuanzia katikati ya mwaka 1961 hadi mwanzo wa 1963 hakuna barua hata moja kutoka Kasese. Mimi nilikuwa nimeshaandika katika daftari langu kwamba ndugu hao walikosana juu ya shamba. Mama alicheka, akaniambia kwamba baba mdogo alihamishiwa Tororo miaka hiyo na alilala katika chumba kile kile nilimokuwa nimeketi.

Barua tisa hazina stempu. Mzee wa Nsambya, hiyo ni kazi ya gadi wenu.

Mjane wa baba mdogo bado yuko Kasese, na anasema ana mfuko wa karatasi ambao hajaufungua tangu msiba. Nitakwenda Agosti, shule zikifungwa. Je, inatosha kuzipiga picha kwa simu, au nimwombe anikabidhi zenyewe?

Mhifadhi Nyaraka, Entebbe

Zipige picha, na uziache kwake. Piga pande zote mbili za kila karatasi, hata upande usio na maandishi, na bahasha pia pale ilipobaki. Na kabla ya kufungua chochote, mwombe mama huyo akusimulie anachokumbuka, ukiandika tarehe ya siku aliyokusimulia.