Wanaotupendekezea vitabu hawajavisoma, na anayebeba hasara ni msomaji

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha, kwa kuwa hali hii nimeivumilia kwa miaka mingi nikidhani kwamba tatizo ni langu peke yangu. Lalamiko langu ni moja. Watu waliojitwika kazi ya kutuelekeza kwenye riwaya na insha zenye kukumbukwa, wale wanaotuandalia orodha za vitabu kumi bora vya vijana, vitabu ishirini vya kusoma kabla hujafa na vitabu vitakavyobadilisha maisha yako, wengi wao hawajavisoma vitabu wanavyovisifu. Wanasoma jalada la nyuma, wanabadilisha maneno mawili matatu, kisha wanatuandikia kwa sauti ya mtu aliyekesha na kitabu.

Sisemi hivi kwa kudhania. Hivi karibuni mpwa wangu, binti wa dada yangu mwenye umri wa miaka 13, aliniomba nimtafutie riwaya, akanipa sharti moja tu kwamba kisiwe kitabu cha kumfundisha adabu. Nilikaa jioni nzima nikipitia orodha saba, na riwaya moja ikawa imo katika orodha tano kati ya hizo. Nikajiambia kwamba watu watano wasiojuana wakikubaliana juu ya kitabu kimoja, basi hapo pana jambo. Wote watano walieleza kwamba ni kisa cha kijana anayeondoka nyumbani baada ya kifo cha baba yake, akaenda kumtafuta kaka yake aliyepotea. Nikakinunua, nikampelekea.

Siku ya nne binti yule akanipigia simu, na baada ya shikamoo akaniuliza, "Mjomba, mbona baba yake hajafa?" Nikamwambia aendelee, huenda atakufa mbele. Siku mbili baadaye akapiga tena kunijulisha kwamba amekimaliza na mzee yuko hai. Nilikichukua kitabu nikakisoma mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ni kweli: anayekufa ni babu, tena katika kurasa za mwanzo kabisa. Baba yu hai muda wote, na katika sura ya mwisho ndiye anayemfungulia mwanawe mlango usiku, akiwa ameshika taa, na mwandishi anatumia karibu ukurasa mzima kueleza jinsi mzee yule anavyoinua taa taratibu ili autazame uso wa mwanawe kabla hajatamka neno. Riwaya yote inaelekea kwenye mlango ule. Mtu aliyeufikia hawezi hata kwa bahati mbaya kuandika kwamba baba amekufa. Kosa lilikuwa kwenye muhtasari wa jalada la nyuma, na waandaaji wote watano walilinakili kosa lile kama lilivyo, kisha wakaongeza maneno yao ya sifa juu yake.

Jina la kitabu sitalitaja, wala la mchapishaji, kwa sababu kosa la jalada linaweza kumtokea yeyote na mwandishi hana hatia. Hasira yangu ni kwa wale watano. Nilidhani nimepata mashahidi watano, kumbe nilikuwa na muhtasari mmoja uliovaa kanzu tano.

Watu watasema kwamba haya ni mambo ya zama za intaneti. Si kweli, ila intaneti imeyazidisha. Mwaka 1851 riwaya ya Herman Melville, Moby-Dick, ilitoka kwanza London kwa jina la The Whale, na katika toleo hilo hitimisho fupi linaloeleza jinsi msimulizi alivyonusurika liliachwa nje. Wahakiki wa London walioifikia tamati wakashangaa, na wengine wakaghadhibika: ikiwa meli imezama na mabaharia wote wamekufa, ni nani basi anayetusimulia? Hilo ni swali la mtu aliyesoma. Lakini toleo la Marekani lilikuwa na hitimisho hilo, na hata hivyo gazeti moja la Boston liliona ni rahisi zaidi kuazima hukumu kali ya jarida la London, hukumu iliyotolewa juu ya toleo jingine, na kuwapa wasomaji wake. Riwaya hiyo ilikaa gizani hadi miaka ya 1920 ndipo ikapewa heshima yake, wakati Melville alikwishafariki mwaka 1891. Sidai kwamba gazeti lile moja ndilo lililoizika, kwani sababu zilikuwa nyingi. Ninachosema ni kwamba tabia ya kuazima hukumu ya mwenzako badala ya kufungua kitabu ni ya zamani, na haikuwahi kumsaidia msomaji hata siku moja.

Sasa tazameni jinsi vitabu vinavyogunduliwa kweli. Zora Neale Hurston alichapisha riwaya yake Their Eyes Were Watching God mwaka 1937, akafariki mwaka 1960 akiwa fukara, akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Mwaka 1973 mwandishi mwenzake, Alice Walker, alikwenda Florida kulitafuta kaburi hilo, akapita kwenye magugu, akaliwekea jiwe, kisha mwaka 1975 akaandika insha juu ya safari ile. Mwaka 1978 riwaya ikachapishwa upya, na leo inasomwa na wanafunzi pamoja na watu wazima sehemu nyingi za dunia. Au chukueni Stoner ya John Williams, iliyotoka mwaka 1965, ikauza nakala takriban 2,000, kisha ikaacha kuchapishwa. Mwandishi alifariki mwaka 1994 bila kuona lolote kubwa likiitokea. Mwandishi wa Ufaransa, Anna Gavalda, aliipenda kiasi cha kuitafsiri mwenyewe, na tafsiri yake ya mwaka 2011 ndiyo iliyoifungulia riwaya ile njia ya kusomwa na watu wengi barani Ulaya. Katika visa vyote viwili aliyeanza si kamati wala orodha. Ni msomaji mmoja aliyekisoma kitabu hadi kikamkera usingizini, kisha akatenda jambo.

Nikifika kwenye insha ndipo ninapozidi kuchukia. Katika zile orodha saba hapakuwa na kitabu hata kimoja cha insha. Ninajua sababu, kwa kuwa wengi wetu neno hili tulikutana nalo kwenye chumba cha mtihani tu, tukiambiwa tuandike insha isiyopungua maneno kadhaa juu ya umuhimu wa kitu fulani, na tangu hapo tukaamini kwamba insha ni adhabu. Lakini huyo anayejiita mwelekezaji wa wasomaji kazi yake ni ipi kama si kutuondolea dhana hiyo? Mwandishi Mfaransa Montaigne alipochapisha vitabu vyake viwili vya kwanza vya insha mwaka 1580, jina alilozipa kwa Kifaransa lilikuwa na maana ya majaribio: mtu anaipima fikra yake mbele yako bila kujua itamfikisha wapi. Nasi tunaye Shaaban Robert, ambaye Kielezo cha Insha chake kilichapishwa mwaka 1954, ila kila anapotajwa kwenye orodha hutajwa kwa Kusadikika tu, kana kwamba mkono ulioandika insha zile ulikuwa wa mtu mwingine.

Wala wasiniambie kwamba vijana hawawezi kusoma insha. Ipo insha fupi ya Virginia Woolf, iliyochapishwa mwaka 1942 baada ya kifo chake, inayomhusu nondo mmoja tu kwenye kioo cha dirisha. Mdudu anaruka kutoka pembe moja ya kioo hadi nyingine, anachoka, anaanguka chali, na mwandishi ananyoosha penseli ili amsaidie kugeuka, kisha anatambua kwamba kile anachokiona ni kifo chenyewe kinakuja, anaiweka penseli chini. Nilimfasiria mpwa wangu sehemu hiyo kwa mdomo. Alinyamaza, halafu akauliza kwa nini hakuendelea kumsaidia. Tulizungumza karibu saa nzima juu ya penseli ile. Hakuna mahali popote nilipoambiwa kwamba insha ile inamfaa kijana wa miaka 13. Niliibahatisha mwenyewe nikitafuta kitu kingine kabisa.

Jambo hili linanipeleka kwenye kugawa vitabu kwa umri, ambako nako kumejaa uzembe. Ninakubali kwamba kuna vitabu ambavyo mtoto hastahili kupewa, na mzazi ana haki ya kuonywa mapema juu ya ukatili au mambo ya chumbani. Lakini wanaoandika "miaka 10 hadi 12" hawatupi onyo hilo. Wanahesabu kurasa, wanatazama picha ya jalada, basi. Treasure Island ya Robert Louis Stevenson, iliyofahamika kwa Kiswahili kama Kisiwa chenye Hazina, ilianza mwaka 1881 kutokana na ramani iliyochorwa kwa ajili ya kumburudisha kijana wa nyumbani, mtoto wa mke wa mwandishi. Baba mzazi wa Stevenson, mtu mzima mwenye kazi yake ya uhandisi, alinogewa na kisa hicho kiasi cha kukaa na kuandika orodha ya vitu vilivyomo ndani ya sanduku la yule baharia mzee, na mwanawe akaitumia. Stevenson mwenyewe aliyasimulia hayo baadaye katika insha. Kitabu kilichomteka kijana na babu yake chini ya paa moja, leo mtu anakibandika kibao cha "watoto" na watu wazima wanakipita wakiangalia pembeni.

Kibaya zaidi ni matoleo yaliyofupishwa, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana ni wengi waliotapeliwa bila kujua. Safari za Gulliver, za Jonathan Swift, zilizochapishwa mwaka 1726, zina sehemu nne. Matoleo mengi ya watoto hutoa mbili tu, ile ya watu wadogo na ile ya majitu, na huziacha mbili za mwisho, ikiwemo ile ya farasi wenye akili ambayo ndiyo inayomfanya Gulliver ashindwe kuvumilia hata harufu ya familia yake anaporejea nyumbani. Kufupisha si dhambi. Dhambi ni kuificha habari hiyo kwa herufi ndogo kwenye ukurasa wa hakimiliki, au kutoisema kabisa, na dhambi ya pili ni ya mpendekezaji ambaye hajui ni toleo lipi analolisifu. Wapo watu wazima waliokwisha kusema "nilikisoma nikiwa mdogo" na hawatakigusa tena maishani, ilhali walisoma nusu yake. Vivyo hivyo kwa tafsiri: kitabu kinasifiwa kwa lugha yake tamu, na jina la mfasiri halitajwi, ingawa kila neno tamu alilolisoma msomaji huyo liliandikwa na mfasiri.

Kuhusu nyota tano na programu zinazotuletea vitabu "vinavyofanana na ulivyosoma", nitasema kidogo tu. Zinajua nilichonunua. Hazijui ni ukurasa upi nilioufunga kitabu nikatoka nje kupumua, na mimi natafuta kitabu chenye ukurasa kama huo.

Kwa hiyo ninawataka wote wanaopendekeza vitabu, hapa na kwingineko, waache maneno haya: "kinagusa moyo", "hutakiweka chini", "kila mtu anapaswa kukisoma". Maneno hayo yanaweza kubandikwa kwenye kitabu chochote, ndiyo maana yanapendwa na wasiosoma. Tuambieni ni tukio gani limekaa nanyi, na kwa nini. Tuambieni ni wapi kitabu kinachosha, kwa maana kitabu kizuri nacho huchosha mahali, na msomaji akiambiwa kwamba sura tatu za mwanzo ni nzito lakini ya nne inafungua mlango, atavumilia. Tajeni toleo, kama ni kamili au limefupishwa, na aliyefasiri. Na kama hamjakimaliza, semeni hivyo. Nitawaheshimu zaidi kuliko wale watano.

Atakayechangia kwenye uzi huu, namwomba asilete orodha. Alete kitabu kimoja, cha riwaya au cha insha, alichokisoma mwenyewe hadi ukurasa wa mwisho, aeleze kilichomshika humo bila kutufichulia tamati. Mpwa wangu amekwisha kuniuliza nitampelekea nini baada ya hiki, na nimemjibu kwamba anipe muda, kwa sababu safari hii sitampa kitabu mpaka nimpate mtu anayeweza kuniambia ni nani anayefungua mlango.