Masega ya ekzosi kwenye magari ya zamani: tupeane uzoefu, ulijuaje yamekufa na ulifanya nini?

Mwanzisha uzi (Dar)

Wakuu, heshima kwenu. Masega ni kile kifaa cha ndani ya ekzosi kinachopunguza sumu kwenye moshi, wengine wanakiita kataliti. Huu uzi ni wa wenye magari ya umri mkubwa kidogo, hasa haya ya 2000 mpaka 2008 tuliyoyatoa Japani yakiwa yameshakula kilomita zake. Taa ya injini ikiwaka na mashine ikasoma P0420, yaani kosa la masega kufanya kazi chini ya kiwango, gereji nyingi zina jibu moja tu: "Bosi, masega yamekufa, tuyatoe." Masega yanatolewa kweli, na hurudishiwi hata kipande.

Naanza mimi. Corolla, injini ya 1NZ. Ilisoma P0420 na nikaambiwa hivyohivyo. Nikaomba kwanza tuangalie sensa za oksijeni gari ikiwa inaunguruma na imepata moto. Kompyuta haiyaoni masega yenyewe. Inalinganisha sensa iliyo mbele yake na iliyo nyuma yake. Kwa sensa za kawaida, ya mbele inapanda na kushuka haraka kati ya volti 0.1 na 0.9, na ya nyuma inatakiwa kutulia kwenye 0.6 au 0.7 hivi. Ya nyuma ikianza kucheza kama ya mbele, ina maana masega hayashiki tena oksijeni. Angalizo: magari mengine sensa ya mbele ni ya aina tofauti, ile ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli, na namba zake hazisomwi hivyo. Tazama ya nyuma.

Yangu ya nyuma ilikuwa inacheza kweli, ila mara inacheza, mara inatulia. Fundi akawasha injini ikiwa ya baridi, akaziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa, na pale kwenye maungio kabla ya sensa ya nyuma tukasikia "tss tss". Gasketi imeungua, hewa ya nje inaingia na kuidanganya sensa. Ikabadilishwa gasketi, kosa likafutwa, taa haijarudi. Kwa hiyo P0420 kwangu mimi ni mwaliko wa kupima, si hukumu. Karibuni.

Dereva wa nyanda za juu

Yangu ilikuwa ugonjwa tofauti kabisa, mkuu. Taa haikuwaka hata siku moja. Gari ikawa nzito. Tambarare inaenda vizuri tu, ila mlima Kitonga ilikuwa aibu: unakanyaga mafuta mpaka chini, mshale wa resi unagoma, malori ya shehena yanakupigia honi yapite. Wakabadilisha pampu ya mafuta, wakabadilisha chujio, wakamwaga oili ya giaboksi. Nzito vilevile.

Iringa mjini mzee mmoja alisikiliza ekzosi, akaweka kiganja nyuma ya bomba, akasema injini haipumui. Akafungua sensa ya oksijeni ya mbele, akaacha tundu wazi, tukatoka na gari barabarani. Kelele kama trekta, lakini nguvu zote zimerudi! Hapo nikaamini. Mwenye vifaa anafunga geji ya presha kwenye tundu hilohilo: ikisoma zaidi ya psi 3 injini ikiwa kwenye resi 2,500 (mizunguko kwa dakika), huko mbele kumeziba. Usiku tulipoiacha iungurume kwa muda, chungu cha masega kilikuwa chekundu kama jiko la mkaa.

Masega yalipotolewa, nusu yalikuwa yameyeyuka na kugandana. Mzee akauliza, "Gari ilikuwa na misi?" Ilikuwa nayo, yaani silinda moja inaruka bila kuwaka, maana koili moja ilikuwa mbovu kwa muda mrefu. Petroli isiyoungua kwenye silinda inakwenda kuungulia humo ndani. Masega yamezoea joto la nyuzi 400 hadi 800 hivi. Likivuka 1,000 dawa iliyopakwa inaharibika, na likizidi zaidi hata ule udongo wa kauri unayeyuka. Alikataa kufunga mengine mpaka koili na plagi zibadilishwe.

Wa Nairobi

Hapo kwa mzee wa Iringa nakubaliana mia kwa mia. Mimi nina Premio, nayo inakula oili. Nilikuwa njiani kwenda Kirinyaga Road kutafuta kataliti ya mtumba kutoka Japani, mekanika wangu akanizuia. Aliingiza kidole ndani ya bomba la ekzosi, kikatoka na masizi meusi yanayoteleza. Akasema ukifunga kipya leo, hii injini itakiua kabla mwaka haujaisha. Oili ina fosforasi na zinki, na zikiungua zinabaki zimegandamana juu ya ule mpako wa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kwa macho utaona matundu yote yako wazi, lakini hakuna kazi inayofanyika.

Kwa hivyo ringi za pistoni kwanza, sili za valvu pia, ndipo kataliti. Iliniuma mfukoni, lakini mpango ulikuwa wa maana. Na mwenye gari inayopunguza maji bila kuvuja chini, aangalie gasketi ya hedi, maana hata kipozea injini kikiingia kwenye moshi kinaharibu.

Mjumbe mpya

Samahani wakuu, mimi nauliza tu. Yangu yalitolewa zamani na gari inakimbia, mafuta inakula yaleyale. Hasara yenyewe iko wapi?

Fundi Arusha

Mdogo wangu, mafuta hayatabadilika sana, hilo ni kweli, na anayekuahidi kwamba ukitoa masega utaokoa petroli anataka masega. Yana madini ya thamani. Mwaka 2021 rodiamu iliwahi kukaribia dola 30,000 kwa aunsi moja, ndiyo maana kuna watu wanapita gereji kwa gereji na mizani. Hasara ni kwamba gesi ya sumu inatoka nzima. Ukiacha gari inaunguruma kwenye banda lililofungwa, au bomba likiwa na tundu chini ya sakafu ya gari, wanaoivuta ni watoto wako kiti cha nyuma. Tena taa ya injini inabaki inawaka, na siku kosa lingine likiingia hutajua.

Ila niseme na upande wa pili. Kuna magari masega yake yamebanwa juu kabisa, kwenye manifoldi, sentimita chache kutoka kwenye valvu. Hayo yakianza kumomonyoka, vumbi la kauri linaweza kuvutwa kurudi kwenye silinda na kukwaruza kuta. Hapo usisubiri mpaka upate hela ya mapya. Yatoe kwanza, yafungwe mengine baadaye. Ukisikia njuga zinacheza ndani ya chungu unapokigonga kwa ngumi injini ikiwa ya baridi, ndiyo hali hiyo.

Kuhusu kufunga, niwape ya gereji. Nati za ekzosi zinyunyizie dawa ya kutu usiku uliotangulia, la sivyo utakata stadi na kazi ya nusu saa inakuwa ya siku nzima. Sensa ifungue kwa soketi yake yenye mpasuo, 22 mara nyingi, usiilazimishe kwa spana ya kawaida. Chungu kipya kina mshale, na mshale uelekee nyuma, moshi unakoelekea. Gasketi mpya kila mara. Silikoni ya kubandikia usiipake kwenye ekzosi karibu na sensa, mvuke wake unaua sensa na masega pia. Ukinunua ya mtumba, mulika tochi upande mmoja uone matundu madogo yaliyopangana vizuri hadi upande wa pili. Kuna vyungu vinauzwa vimekombwa, ndani ni bomba tupu. Na ukikuta yaliyopasuka, vaa barakoa, lile vumbi si la kuvuta.

Dada wa Leicester

Huku Uingereza hatuna hiari. Gari iliyotoka kiwandani na masega ikikutwa haina, inafeli MOT, ule ukaguzi wa lazima wa magari, hapohapo. Wanapima pia moshi: kwa gari kama yangu, monoksidi ya kaboni isizidi asilimia 0.2 injini ikiwa kwenye resi 2,500 hadi 3,000. Yangu ilifeli kidogo tu. Jirani yetu Mkongo, mtu wa magari, akaniambia nisinunue kitu bado. Niliipeleka kwenye kipimo nikitoka duka la karibu tu, ekzosi haijapata moto, na masega hayaanzi kazi mpaka yafike nyuzi 250 au 300 hivi. Akaniambia niizungushe barabara kuu kwanza kisha niingie moja kwa moja kwenye kipimo. Ikapita, ila kwa kuponea chupuchupu, kwa hiyo najua muda wake umekaribia.

Nikinunua nitachukua yenye idhini ya aina ya gari langu. Za bei ya chini kabisa zina mpako mwembamba, na wenzangu hapa wamezirudia mapema. Wenye Prius za zamani walio Ulaya, fungeni ngao ya chuma chini. Wezi wanayakata masega kwa dakika chache gari ikiwa imeegeshwa barabarani.

Aliyeko California

Dada, hapo kwenu mna afadhali ya bei. Hapa kila kipande cha dukani lazima kiwe na namba ya idhini ya bodi ya hewa ya jimbo, CARB, na namba hiyo iendane na mwaka na injini ya gari yako. Mkaguzi anaingia chini kuisoma. Ukiagiza ya jimbo jingine kwa sababu ni nafuu, utaifungua tena.

Jambo moja ambalo halijasemwa: msifute kosa kisha mkakimbilia ukaguzi. Ukilifuta, au ukichomoa waya wa betri, kompyuta inasahau vipimo vyote na inaonekana kwenye mashine yao kwamba haijamaliza kujikagua. Kwa gari ya petroli ya mwaka 2000 na kuendelea, wanaruhusu kipimo kimoja tu kiwe hakijakamilika, kile cha mvuke wa petroli. Cha masega lazima kiwe tayari. Baada ya kufunga yangu niliendesha mjini na barabara kuu kwa mwendo usiobadilika, nikaiwasha asubuhi ikiwa baridi kabisa, mpaka skana ndogo ya simu ilipoonyesha kipimo cha masega kimekamilika. Ndipo nikaweka miadi.